Bi Mwaija na Mstari wa Majini

Siku ya kwanza nilipofuatana na wanawake wa Mlingotini kwenda mwambani, nilidhani wamechoka. Maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kupita siku zote, yalikuwa yamekupwa mpaka mbali, mwamba umelala wazi, na wanawake thelathini na kitu walikuwa wakienda mbele wameinama, kila mmoja na mchokoo wake, ile fimbo ya kuchokolea pweza mashimoni. Ghafla wa mbele akasimama. Wa pili akasimama. Wakasimama wote, safu nzima. Mbele yao hapakuwa na kitu. Hapakuwa na kamba, wala boya, wala bango, wala askari. Palikuwa na maji ya kufika vifundoni na mwamba uleule, ukiendelea kwenda kaskazini kama ulivyotoka kusini.

"Mbona mmesimama?" nikauliza.

Bibi mmoja mwembamba, kanga kaifunga kiunoni, akanigeukia. "Kumefungwa hapa."

"Kumefungwa na nini?"

Wakacheka. Mmoja nyuma akasema, "Na huyu ndiye aliyesomea sheria?"

"Geuka utazame nchi kavu," yule mwembamba akaniambia. "Unauona mnara wa msikiti? Na ule mvinje mrefu, uliowapita wenzake? Mnara ukijificha nyuma ya mvinje, umefika mwisho. Mnara ukitokeza upande wa pili, jua umeshaiba."

Nikageuka. Mnara ulikuwa umejificha sawasawa nyuma ya mti. Nikasogea hatua mbili mbele, ukachungulia. Sauti kumi zikanipigia kelele nirudi, nikarudi mbio, maji yakinirukia usoni.

Mwili ulinisisimka, na sioni haya kusema hivyo. Nilikaa chuoni Dar es Salaam miaka minne nikisoma kwa nini watu hutii sheria. Mwalimu mmoja alitufundisha kwamba hutii kwa sababu ya rungu. Mwingine akatufundisha kwamba zamani za kale watu walikaa wakapatana: kila mmoja aache kidogo cha uhuru wake, ili wote waishi kwa amani. Nilinyoosha mkono nikamuuliza, nani alikuwepo? Nani aliulizwa? Mimi nimezaliwa Dunda, mjini Bagamoyo, na hakuna aliyebisha hodi kwetu akauliza kama tunakubali. Darasa lilicheka. Mimi sikuwa nikicheka. Nilitoka chuoni na hasira hiyo kifuani, nikaja Mlingotini kujitolea kuandika kumbukumbu za kamati ya bahari, kwa sababu niliambiwa watu wa huku wana sheria yao waliyoitunga wenyewe. Nilikuja nikiwa na shaka. Asubuhi ile, maji yakinichuruzika kidevuni, nikaona watu wamesimama mbele ya mstari ambao haupo mahali popote isipokuwa vichwani mwao.

Yule bibi mwembamba ni Mwaija binti Msabaha, na habari hii ni yake.

Alizaliwa hapahapa Mlingotini, na ana miaka sitini na mitatu. Mama yake, Bi Mina, alianza kumchukua mwambani akiwa na miaka saba, akamfundisha kusoma mawe. Kokoto zilizopangwa mlangoni mwa shimo, maganda ya kaa yaliyotupwa nje, basi mwenye nyumba yumo. Akamfundisha na jambo moja zaidi: ukiingiza mkono ukakuta mayai yanabembea kama shanga, toa mkono, nenda zako. Pweza jike akishataga hali tena, anakaa akiyalinda mayai mpaka yaanguliwe, kisha anakufa. "Mama mzazi hatolewi ndani," ndivyo alivyosema Bi Mina, na Mwaija hajapata kumtoa.

Aliolewa na Ally, mvuvi, akazaa naye watoto watatu. Ally alipofariki, wa mwisho alikuwa hajaanza shule. Mwamba uliwalea. Sasa wote wana kwao, mbali na kijiji, na Bi Mwaija anaishi peke yake nyumba mbili kutoka kwa wifi yake Shamsia, mdogo wa marehemu. Wawili hao wamekwenda mwambani pamoja miaka arobaini, na kwa miaka hiyo arobaini Shamsia hajanyamaza.

"Wifi, hao pweza unawavua au unawapigia hodi?"

"Napiga hodi. Mwenye adabu hufunguliwa. Wewe unavunja mlango, ndiyo maana unakuta wamehama."

Sheria ya mstari ina miaka minne. Kabla yake pweza walikuwa wamepungua, wamekuwa wadogo kama kiganja, na Mwinyijuma, mwenyekiti wa kamati ya bahari, alirudi safarini na habari kwamba kuna vijiji vya pwani vinafunga mwamba miezi mitatu, na ukifunguliwa pweza wanatoka wakubwa kupita kiasi. Akaitisha mkutano uwanja wa shule. Nimesoma kumbukumbu za siku ile, zimeandikwa kwa penseli kwenye daftari la shule. Mtu wa kwanza kusimama kupinga ni Bi Mwaija.

"Mimi sikubali," alisema. "Mwamba huu ni chungu changu. Wenye vyombo mtakwenda mbali. Sisi wa miguu mnatupeleka wapi?"

Mkutano ulivunjika. Ukaitishwa wa pili, ukavunjika. Katika wa tatu walikubaliana kufunga nusu ya kaskazini tu, na nusu ya kusini wabaki nayo wanaotembea kwa miguu. Wanaume wakataka maboya. Bi Mwaija akasema maboya huibiwa, na mstari lazima uwe ule anaoweza kuujua mwanamke alipo, miguu yake ikiwa majini. Ndipo mnara na mvinje vikachaguliwa. Wanaume wakapendekeza faini kwa atakayevuka. Akasimama tena.

"Faini si adhabu kwa mwenye nacho. Atalipa, ataingia. Mtakuwa mmemuuzia tiketi. Atakayevuka akose siku ya ufunguzi. Awe mwenyekiti, awe mimi. Na atakayeona akanyamaza, naye vilevile."

Lilipopita hilo hakuna aliyetia saini. Walisoma Fatiha, kisha kila mtu akapeana mkono na kila mtu. Walikuwa themanini na wanne. Nilimuuliza Bi Mwaija kwa nini hawakusaini.

"Saini unaiacha kwenye karatasi," alisema. "Mkono unakwenda nao nyumbani. Wangu uliniuma siku mbili."

Nilikwenda pembeni nikasimama peke yangu. Ule mkutano wa zamani za kale, niliodhani ni hadithi ya walimu, nilikuwa nimeushika mkononi, umeandikwa kwa penseli.

Mwaka huu mwamba ulifungwa mwezi wa nne, na mwaka huu Bi Mwaija alikuwa na siri. Macho yake yalikuwa yamefunga ukungu. Madaktari waliopita Bagamoyo walimpima wakasema ni mtoto wa jicho, yote mawili, na aende Dar es Salaam akafanyiwe upasuaji kabla mambo hayajawa magumu. Hakumwambia mtu kijijini. Alijua wakijua watamkataza mwamba. Akawa anavua raba zake na kutafuta mashimo kwa vidole vya miguu, na watu wakadhani ni mazoea ya uzee. Watoto wake hakutaka kuwabebesha, kila mmoja ana mzigo wake. Pweza wa siku ya ufunguzi ndio wangempeleka Dar, yeye pamoja na mtu wa kumshika mkono. Siku ya kwanza ndiyo siku. Kufika ya pili, mashimo yote ya karibu yamekwishasafishwa, na mtu wa mwendo wa polepole hawezi kuwafikia wa mbali kabla maji hayajarudi.

Masika yakaja na upepo, na usiku mmoja ule mvinje mrefu ukavunjika karibu na shina. Kamati haikukutana kuweka alama mpya. Walioona vizuri waliona pengo mahali uliposimama mti, wakaendelea vilevile: mnara ukiingia kwenye pengo, simama. Bi Mwaija hakuliona pengo. Kwake pwani yote ilikuwa ukungu wenye kivuli kimoja kirefu, na kivuli kirefu kilichobaki kilikuwa mvinje mwingine, mbele kidogo upande wa kaskazini. Akautumia huo. Zikiwa zimebaki wiki tatu kufungua, alitembea mpaka mnara ulipojificha nyuma ya mti asioujua, akaingiza mchokoo shimoni, akatoa pweza mkubwa.

Siku mbili baadaye alinipigia hodi.

"Shikamoo, bibi. Karibu."

"Marahaba, hakimu." Hilo ndilo jina alilonipa, ingawa mimi ni Masoud. "Kalamu unayo?"

"Ninayo."

"Niandike kwenye mkutano wa Ijumaa. Andika: Mwaija kavuka."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akakaa kwenye mkeka akanieleza yote, na macho yake pia. Yule pweza alimpika kwa nazi, wakala yeye na jirani. Asubuhi ile alikuwa amekwenda mivinjeni kuokota kuni, mkono wake ukagusa kisiki chenye utomvu mbichi.

"Nikapapasa," alisema. "Nikapapasa tena. Nikajua ni yeye, yule mrefu. Nikakaa chini palepale."

"Nani alikuona ukivuka?"

"Hakuna aliyeniambia kitu."

"Basi, bibi!"

"Basi nini?"

Nikasimama chumbani mwangu kama niliyesimama mahakamani. Nikamwambia hakukusudia, na pasipo nia hakuna kosa. Nikamwambia alama ilianguka na kamati ikazembea, na sheria isiyo na alama haimbani mtu. Nikamwambia macho ni maradhi. "Kesi hii naishinda kabla sijafungua mdomo!"

"Utamshinda nani?" akaniuliza. "Wale niliowapa mkono?"

Nikamuuliza kuhusu Dar es Salaam. Akikosa ufunguzi atakwenda na nini?

"Unadhani nimesahau? Leo asubuhi nimemimina chai nje ya kikombe. Imenichoma paja."

"Basi nyamaza, bibi. Mungu anajua hukukusudia."

"Na Mungu tumeshazungumza, alfajiri. Haki yake namwomba mwenyewe anisamehe. Haki ya waja nitamwomba nani, kama si wao?" Akanyoosha mguu ulioungua. "Hakimu, nisikilize. Shamsia akifika pale anasimama. Unadhani anauogopa mnara? Anasimama kwa sababu anajua Mwaija naye atasimama. Na mimi nasimama kwa ajili yake. Hakuna kingine kinachoshikilia pale, mwanangu. Nikinyamaza, mimi nitakuwa najua kwamba hakuna kitu pale. Nitakwendaje mwambani na watu hali najua?"

Nikaandika. Mwaija kavuka.

Ijumaa baada ya sala uwanja wa shule ulijaa. Mwinyijuma alisoma ajenda, akafika kwenye jina hilo, akavua kofia akaivaa tena. Bi Mwaija akasimama akasema maneno machache: siku, mahali, pweza mmoja. Kuhusu macho alisema tu kwamba "aliukosea mti."

Watu waliinamisha vichwa. Mwinyijuma akakohoa. "Tunahitaji shahidi. Yuko aliyeona?" Hakuna mkono ulioinuka. Nikamwona uso unamlegea kwa nafuu. "Kama hakuna shahidi, dada Mwaija, basi hili..."

"Shahidi ni mguu wangu," Bi Mwaija akasema. "Ulikuwepo."

"Mguu hausimami mkutanoni."

"Huu umesimama. Tazama."

Vijana wakaanza kucheka, na kabla kicheko hakijaisha sauti ikatoka safu ya nyuma. "Mimi niliona."

Alikuwa Shamsia.

Bi Mwaija aligeuka kuifuata sauti. "Uliona? Hukuniita?"

"Ningekuitaje? Ningesema, 'Wifi, huoni, rudi,' mbele ya wanawake wote wale?"

"Mimi naona!"

"Unaona! Juzi umempa shikamoo mbuzi wa Mwinyijuma!"

Uwanja ulilipuka. Hata Mwinyijuma alijifunika mdomo kwa kofia. Bi Mwaija peke yake hakucheka, alikuwa ameshika ncha ya kanga yake kwa mikono miwili. Shamsia naye akaacha kucheka.

"Tunajua tangu mwaka jana, wifi," akasema taratibu. "Sote. Ukitangulia mbele tunasogeza mawe makali pembeni. Siku ile nilikuona umevuka nikasema moyoni, pweza mmoja, Mwaija huyu, nani atakufa? Nikanyamaza. Na tulisema anayenyamaza ni vilevile. Nami nilipeana mkono."

Akabaki amesimama. Ndipo Wahida, muuza vitumbua, akasimama. "Na mimi niliona." Akasimama Mwanamvua, jirani aliyekula ule mchuzi wa nazi: "Niliona, na nikala." Mmoja baada ya mwingine, bila kuitwa, mpaka walipofika kumi na mmoja. Mimi nilikuwa naandika majina, na mwandiko wangu wa siku ile mpaka leo siwezi kuusoma vizuri. Katika vitabu vyangu vyote hakuna mahali panapoeleza hivyo: watu kumi na mmoja kujipeleka wenyewe kwenye adhabu ambayo hakuna aliyekuwa akiwatafutia.

Mwinyijuma aliona jambo limemzidi. Pamoja na Bi Mwaija walikuwa kumi na wawili, na karibu wote ndio mabingwa wa pweza kijijini. "Wazee wangu, ndugu zangu," akasema, "mti ulianguka na kamati tulilala. Macho si hiari ya mtu. Na hawa wengine walinyamaza kwa huruma. Naomba tuwasamehe wote, yaishe."

Watu wakaitikia, "Yaishe, yaishe." Mimi niliitikia kwa nguvu kuliko wote.

"Yasiishe," Bi Mwaija akasema. "Mkitusamehe kwa kuwa tuko kumi na wawili, mwakani tutavuka themanini, ili tuwe wengi zaidi. Mwinyijuma, hili neno mlilisema ninyi au nililisema mimi?"

"Ulilisema wewe."

"Basi msinifanye nionekane nilikuwa nikipiga porojo."

Akaomba jambo moja kabla hajakaa. Mti huanguka, alisema, na macho nayo huondoka. Kuna mahali, hatua chache tu kusini mwa mstari, mwamba unapasuka kwa mfereji wa mchanga, na maji ya pale ni baridi kuliko ya huku na huku. Mstari uwe huo. Mwenye macho atauona, asiye na macho mguu utamwambia. Hapo hakuna aliyebisha. Mwinyijuma akashuka kutoka kwenye meza, akampa mkono yeye wa kwanza, na watu wakapanga safu nyuma yake.

Siku ya ufunguzi ilipambazuka haina wingu. Saa tatu maji yalikuwa yametoka, na watu sabini na wawili wakaingia mwambani kwa mkupuo, wanaume na wanawake, vikapu na ndoo. Wale kumi na wawili walikaa kwenye banda la mwani pale ufukweni, wakitazama. Wahida alileta vitumbua. Shamsia akapaita mahali pale Gereza la Mlingotini na kumchagua Mwanamvua kuwa mnyapara, kwa sababu alikula ushahidi. Walicheka sana. Lakini kelele za "Huyo! Huyo!" zilipoanza kutoka mwambani, kicheko kilipungua, na nilimwona Bi Mwaija amegeuzia sikio upande wa bahari, vidole vya miguu yake vikichimba mchanga kidogo kidogo, kama vinavyotafuta kitu.

Sijapata kuona pweza kama wale. Watu walirudi wameinamia upande mmoja kwa uzito. Walipita mbele ya banda, wakatoa salamu, wakaitikiwa, wakaenda zao. Mmoja, wawili, kumi, arobaini. Nilikuwa nikisubiri nani ataweka pweza wa kwanza mbele ya Bi Mwaija. Wote walipita. Hakuna hata mmoja aliyeweka.

Nikainuka kwa hasira. Shamsia akanivuta shati. "Kaa chini, hakimu."

"Wanajua ana safari ya macho! Alikuambia mwenyewe baada ya mkutano, nawe ukamwambia kila mtu!"

"Nimewaambia. Kaa. Akipewa leo, adhabu imekuwa zawadi. Atawatupia usoni."

Nilikaa, lakini moyo haukukaa. Usiku nilijiambia kwamba nilikosea, kwamba watu ni walewale kila mahali, na kwamba kesho nafunga begi.

Kesho yake sikufunga begi, kwa sababu Bi Mwaija alipita mlangoni na kapu lake. Adhabu ilikuwa imekwisha, na yeye haachi bamvua. Nikaenda naye nikimbebea raba. Nilikuwa naogopa muda ambao miguu ile ingeanza kugusa mashimo matupu.

Tulifika kwenye mfereji wa mchanga. Maji yakawa baridi. Akatabasamu, akavuka, sasa ikiwa halali yake. Hatua tatu mbele akasimama, akageuza kisigino, akashusha mchokoo. Shimo likafurukuta. Akamtoa pweza mrefu kama mkono wangu.

"Huyu amesahauliwa," akasema.

Hatua tano, mwingine. Hatua nne, mwingine. Alipomtoa wa nne alisimama wima. "Masoud," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita jina langu, "tazama mawe. Yamepinduliwa?"

Nikatazama. Watu wakipita mwambani huacha alama, kila jiwe linapinduliwa na tumbo lake jeupe linabaki juu. Kwa mbali kaskazini mwamba wote ulikuwa umegeuka mweupe. Lakini tulipo sisi, kuanzia kwenye mfereji mpaka kwenye majabali mawili yaliyo kama lango, mawe yote yalikuwa na majani yake ya kijani, hayajaguswa hata moja. Eneo lote la karibu, lile ambalo mtu wa mwendo wa polepole anaweza kulimaliza kabla maji hayajarudi. Watu sabini na wawili walilikanyaga wakienda, wakalikanyaga wakirudi, asubuhi bora kuliko zote za mwaka, na hakuna aliyeinama.

"Hayajapinduliwa, bibi."

Wale kumi na mmoja walikuwa wametufikia. Bi Mwaija akageukia sauti za miguu yao. "Shamsia! Nani kaamuru hili?"

"Hakuna."

"Mwinyijuma?"

"Mwinyijuma alikuwa wa kwanza kupita bila kuinama. Hakusema kitu. Wa nyuma yake wakaona."

Kumbukumbu za kamati naziandika mimi. Hakukuwa na mkutano, wala ajenda, wala mkono uliopeanwa. Nilipiga magoti palepale majini, na sikujali suruali.

"Wapumbavu," Bi Mwaija akasema. "Pweza huhama. Je, kama wangehama usiku?" Kisha akajifuta uso kwa kiganja chenye chumvi, akainama.

Wale kumi na wawili walifanya kazi kimya, na kwa mara ya kwanza hata Shamsia alikuwa kimya. Kapu la Bi Mwaija lilipofika karibu na kujaa aliingiza mkono kwenye shimo moja chini ya jabali. Nikaona bega limetulia. Mkono ukatoka polepole, mtupu, na akarudisha kokoto mlangoni moja moja mpaka shimo likafungika.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Mama mzazi." Akanipa kapu nilibebe. "Twende, maji yanarudi. Jumatatu nina safari."